Farasi Mia na Sabini, Nati Nne

Tarehe 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekalia tairi ndani ya banda lako, kwa hiyo ukiona alama ya grisi kwenye karatasi usiseme mpwa wako hana adabu. Sisi ni wazima. Bibi anatembea hadi getini na kurudi mara tatu kila asubuhi. Yeye anaiita mazoezi, sisi tunajua anakwenda kuchungulia majirani. Mama yupo dukani, bado anauza vipuri vya pampu za maji, bado anamsahihisha kila fundi anayeingia kununua, na akishatoka anasema, "Huyo akichimba kisima atatoa vumbi." Mguu haumsumbui ila siku za baridi. Amekusalimu. Yaani nilipomwambia nakuandikia alisema, "Haya." Nimeihesabu kuwa salamu.

Nambari yako ya simu imekufa tena, ndiyo maana narudi kwenye karatasi. Dereva wa lori la vipuri ameniambia hufika kambini kwenu kila baada ya wiki mbili, na kwamba barabara mnayoijenga imeshapita mahali mtandao ulipoishia.

Sasa nililokuja nalo. Mnunuzi wa vyuma chakavu amelitaka gari. Mama amekubali alichukue mwisho wa Septemba, pamoja na kompresa yake ya kuchimbia visima na tela lake. Miaka kumi limesimama hapa, Mjomba, tani mbili na nusu za chuma juu ya magogo, na popo wamelifanya nyumba. Nilimwambia Mama, "Nipe mpaka Septemba. Likipanda mpando wa machimbo huku linavuta kompresa, haliuzwi."

"Likipanda na nani kwenye usukani?"

"Na wewe."

Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Tunalizungukia jambo hili kama shimo katikati ya ua, basi niliandike mara moja. Ulilifungia tabo, ile feni ya kushindilia hewa ndani ya injini, ili livute kompresa bila kuchemka. Siku ya nne, katikati ya mpando, kwenye kona ya tatu, nguvu ilikatika, gari likarudi kinyumenyume na tela likajikunja, na Mama akavunjika nyonga. Watu wakasema alikosea gia, akapagawa. Wewe ndiwe uliyelivuta gari hadi bandani, na nawe ulisema hivyo hivyo. Miezi miwili baadaye ukaondoka. Mama hajagusa usukani tangu hapo. Anasema mpaka leo kwamba alivuta breki ya mkono na haikushika, na kila akisema hivyo watu hutazama chini.

Sasa mimi ni mhandisi, cheti kiko ukutani na Bibi hukifuta vumbi kuliko televisheni. Nafanya kazi karakana ya mabasi, tuna mashine ya roli ya kupimia nguvu kwenye magurudumu, na msimamizi ameniruhusu kuitumia Jumamosi mchana. Mlangoni mwa banda bado pameandikwa kwa chaki yako: FARASI 170. Nataka kujua ulizipataje. Mimi nakumbuka mambo ya mtoto tu. Nakumbuka ulivyokaza kila nati kwa spana ya kupima mkazo mpaka ilie "tak", halafu ikachorwa mstari kwa rangi ya kucha ya Mama, ile ya damu ya mzee, kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma, ili nati ikisogea mstari ukatike na kila mtu aone. Siku ile ya mwisho ya matengenezo uliniachia mimi chupa kutwa nzima. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sikuwa nimewahi kupewa kazi ya maana kuliko hiyo.

Nijibu, tafadhali.

Mpwa wako


Tarehe 2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Bibi yako bado ana miguu ya kuchungulia. Mimi nipo, afya ipo. Tunatengeneza magreda na malori ya kumwaga kokoto. Vumbi la huku linaingia hata ndani ya yai. Hongera kwa cheti.

Kuhusu gari, mwachie mnunuzi alichukue. Chuma kikilala miaka kumi, mipira yote imekufa, na ukifufua kimoja utafufua ishirini. Wewe bado kijana, una kazi nzuri, usijifunge na mzigo wa wazee.

Lakini nakujua. Kama hutasikia, basi usianze na tabo kama nilivyoanza mimi. Anza na breki. Kisha rejeta, kisha klachi. Gari zito likiongezwa nguvu kabla ya kuongezwa uwezo wa kusimama, umelitengenezea ajali yenye kasi zaidi. Chujio la hewa na bomba pana la moshi vitakupa kelele nyingi na farasi wachache, usidanganyike na vijana wa mjini.

Propela zote mbili, ile mihimili ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma, nilizifungua. Usizitumie. Tafuta nyingine.

Msalimie mama yako.

Mjomba


Tarehe 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Hapa mvua imeanza, Bibi amehamishia mazoezi yake sebuleni na sasa anatuchungulia sisi. Mama ana mafua na hasira ya mafua. Nilimsomea barua yako. Nilipofika "mzigo wa wazee" akasema, "Mzee ni yeye."

Nimekusikiliza kuliko unavyodhani. Breki ni mpya zote, bomba kwa bomba. Rejeta imesafishwa. Jumamosi mbili zilizopita nililikokota hadi karakanani, nikaazima propela ya nyuma ya gari linalofanana nalo, nikalipandisha kwenye roli bila tabo, kama lilivyozaliwa. Farasi tisini na sita kwenye magurudumu. Nguvu ya kuzungusha nyutonimita mia mbili na kumi na tano. Mafundi wa mabasi walikuja kutazama, mmoja akasema, "Dada, hilo jibanda lina injini ya kusagia unga?"

Nikafunga bomba pana la moshi na chujio kubwa, japo ulinikataza kutumaini. Farasi mia na moja. Watano, Mjomba! Watano kwa kelele zile zote. Nilikaa kwenye ndoo nikaangalia karatasi ya vipimo mpaka msimamizi akaniuliza kama nimefiwa.

Ila nimejifunza kitu ambacho chuoni nilikiandika kwenye mtihani bila kukielewa. Nilikuwa nawatafuta farasi, na farasi wa juu hupatikana injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Kwenye mpando huna kasi. Una tani mbili na nusu mbele, tani moja na nusu nyuma, na mwendo wa mtu anayekimbia. Pale unahitaji injini inayosokota kwa nguvu ikiwa chini, kwenye mizunguko elfu moja na mia nane kwa dakika. Ndiyo kazi ya tabo uliyoichagua. Nimeifungua kutoka kwenye boksi lake. Ni ndogo, inaamka mapema. Wengi wangechagua kubwa ili wajisifu. Wewe ulikuwa unamfikiria Mama kwenye kona ya tatu. Nimeliona hilo na limenigusa.

Ndiyo maana sielewi. Mtu aliyefikiria hivyo, gari lake linakosaje nguvu siku ya nne? Na Mama, aliyeendesha miaka kumi na mbili kwenye mpando ule na kompresa nyuma, anakosaje gia?

Propela ya kuazima nimeirudisha. Zile zako ziko wapi? Kwenye banda naona gunia chini ya meza limefungwa kwa waya. Ndizo?

Mpwa wako


Tarehe 28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwenye kabati la dereva wiki tatu, daraja lilikatika. Pole kwa mafua ya mama yako. Huku tumepata mpishi mpya, na wali umeanza kufanana na wali.

Umeelewa vizuri juu ya tabo. Wahandisi wengi hufika kustaafu hawajaelewa. Ukiifunga, weka na kipoza hewa mbele ya rejeta, maana hewa iliyoshindiliwa huwa ya moto na ya moto haijai. Kisha ongeza dizeli kwenye pampu kidogo kidogo, robo ya mzunguko, upime, robo tena. Moshi ukiwa mweusi umezidisha. Funga geji ya joto la moshi na usipite nyuzi mia sita na hamsini, hata kama injini inakubembeleza. Pistoni huyeyuka kimya kimya.

Kumbuka kila unachoongeza mbele kinapita nyuma. Nguvu haibaki kwenye injini ikapumzika. Inapita klachi, gia boksi, propela, inafika kwenye magurudumu, na popote palipo dhaifu ndipo itakapotokea.

Gunia liache. Mnunuzi wa vyuma alichukue hivyo hivyo. Nakuomba kama mjomba wako.

Mjomba


Tarehe 20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Salamu zimekwisha, nisamehe.

Nimelifungua gunia.

Nilijizuia siku tano kwanza, kwa sababu uliniomba kama mjomba na hujawahi kuniomba kitu. Kisha nikakata waya. Propela ya nyuma imepinda kama mkono uliovunjika. Mwishoni, pale inapofungwa kwenye difu ya ekseli ya nyuma, panatakiwa nati nne. Bolti zipo zote. Hazikukatika, Mjomba. Nyuzi zake ni nzima, ningeweza kuvisha nati kwa vidole. Nati zilijifungua zenyewe, moja baada ya moja, na propela ikaanguka huku inazunguka, ikapiga bomba la breki za nyuma. Nimeliona lile bomba la zamani, nililitupa kwenye ndoo mwezi wa tatu bila kufikiri. Limekatwa.

Na breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika propela. Propela ikishaanguka, unaweza kuvuta mpaka mkono ung'oke na gari litarudi tu. Mama alivuta. Miaka kumi anasema alivuta.

Kuna jambo la mwisho. Mistari ya rangi bado ipo kwenye chuma, nusu nusu, minne. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Rangi imeingia hadi mahali nati ilipokaa, imekaukia chini yake. Nati iliyokazwa hubana chuma, haiachi nafasi hata ya unyevu kupita. Rangi iliingia kwa sababu nati zilikuwa zimevishwa tu, hazijakazwa. Zilichorwa kabla ya kukazwa. Kisha hazikukazwa kabisa.

Ulilivuta gari wewe. Propela ulifungua wewe, ukatia guniani. Uliyaona haya siku ile ile. Ukaingia hospitali, Mama amelala na vyuma mguuni, ukamwambia amekosea gia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilikusikia.

Simwambii kitu mpaka uniandikie. Nataka yatoke kwako.

Mpwa wako


Tarehe 30 Juni

Mjomba,

Dereva wa lori ameapa alikukabidhi barua mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, ukaikunja, ukarudi chini ya greda.

Tabo nimeifunga. Kipoza hewa kipo. Kwenye roli, kwa propela ile ile ya kuazima, limetoa farasi mia na arobaini kwenye magurudumu, na nguvu ya kuzungusha ni nyutonimita mia tatu thelathini na tano tangu mizunguko elfu moja na mia nane. Ukijumlisha zinazopotea njiani, injini inatoa mia na sabini. Chaki yako ya mlangoni haikudanganya.

Nakusubiri. Mnunuzi alipita jana akalizunguka gari, akapiga boneti kofi kama mtu anayenunua ng'ombe.


Tarehe 11 Julai

Mpwa,

Salamu kwa wote.

Uliyoyaona ni kweli. Nilikuwa na haraka siku ile, wateja walinibana. Nilichora zile nati nne za nyuma kabla ya kuzikaza, nikijua nitarudi kuzikaza, nikasahau. Nilipoziona baada ya ajali niliogopa. Nikamwachia dada yangu lawama. Kosa ni langu lote, halina mwingine.

Mwambie mama yako hivyo. Msomee barua hii kama ilivyo. Sina la kujitetea, na sina haja ya kujibiwa.

Mjomba


Tarehe 2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Bibi amepoteza meno yake na kuyakuta mfukoni mwa koti la Mama, na hakuna anayetaka kueleza yalifikaje huko. Nakuandikia hili ili ujue nyumba inaendelea.

Barua yako sikumsomea Mama. Nilikuwa tayari. Niliosha mikono, nikaketi karibu naye dukani, nikasubiri mteja aondoke. Nikaifungua niipitie mara ya mwisho, na macho yakanasa kwenye neno moja.

Umeandika "nilichora".

Chupa ilikuwa mkononi mwangu kutwa nzima. Nilikuandikia hivyo mwezi wa pili, kwa majivuno. Hukuigusa hata mara moja, mikono yako ilikuwa na grisi hadi viwikoni na uliniambia, "Wewe una mikono safi, Kichupa, chora wewe." Kila mstari uliopo kwenye gari hili ni wangu. Mimi hutumia mkono wa kushoto na brashi yangu huacha mkia mdogo mwishoni. Mikia ipo. Niliitazama kwa kioo mwezi wa tano, nikaona rangi, nikaona chuma, na sikuuona mkono wangu mwenyewe. Sijui mtu anawezaje.

Sasa nimekumbuka, au nimeacha kukataa kukumbuka. Ulishusha gia boksi ili kubadili klachi, ukarudisha kila kitu. Propela ya mbele ulikaza, nikachora. Ya nyuma ulivisha nati nne za difu kwa vidole, kisha mtu akakuita nje. Ulikawia. Nilikuwa nimelala chini ya gari juu ya kadibodi, nimechoka, shingo inaniuma, na zimebaki nne tu. Nikazichora. Nilifikiri ukirudi utakaza na mimi nitakuwa nimeshamaliza sehemu yangu. Ulirudi, ukainama na tochi, ukaona mistari minne, ukasema, "Safi." Ukashusha jeki.

Nilifurahi uliposema safi.

Hukumficha Mama kwa ajili yako mwenyewe, au si hiyo peke yake; ulikuwa unanikinga mimi. Umeniita "Injinia" kwenye simu, umeniita "Mpwa", lakini jina la Kichupa hukulitamka tena tangu ajali. Nilidhani ni kwa sababu nimekua.

Niambie kama nimekosea. Lakini niambie wewe, kwa kweli safari hii.

Mpwa wako


Tarehe 25 Agosti

Kichupa,

Marahaba, mwanangu.

Hujakosea. Nilipolivuta gari nilijua kabla sijawasha tochi. Niliona ile mikia yako. Ulikuwa umeketi nje ya banda siku ile umejikunyata, huli, unauliza kila dakika kama mama atatembea. Nikafikiri, huyu akijua hataweza kubeba. Nilipoingia hospitali sikuwa nimepanga kusema neno. Mama yako akaniuliza, "Kaka, nilifanya nini?" Neno la gia likanitoka. Likishatoka, kila siku likawa gumu zaidi kulirudisha, na kila nikikuona nikaona heri nisiwepo.

Lakini usichukue kisichokuwa chako. Kanuni ilikuwa yangu: anayechora ni aliyekaza, mkono mmoja, hakuna kupokezana. Niliivunja kwa sababu nilitaka kumaliza jioni ile na kwa sababu ulipendeza ukiwa na ile chupa. Nilipoinama na tochi nilitakiwa kushika kila nati. Niliuamini mstari badala ya nati. Mtu mzima alikuwa mimi.

Kazi ya kumkinga mtoto niliimaliza mwaka wa kwanza. Miaka tisa iliyobaki ilikuwa woga tu, na aliyeulipia ni dada yangu.

Nakusihi, msomee ile barua ya Julai. Inatosha kumtoa yeye lawamani. Ya kwako mwachie Mungu, hakuna atakayepungukiwa.

Nati za propela ya nyuma, nyutonimita themanini na nane. Usikadirie kwa mkono.

Mjomba wako


Tarehe 24 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Bibi mzima, meno yako mahali pake. Mama mzima. Mimi sijui niseme mimi ni nini, lakini nimekula leo.

Sikumsomea barua ya Julai. Nilimpa zote kwenye bahasha, zako, na zangu ambazo huwa nazinakili kwa tabia ya kishule. Niliona nikimpa moja tu nitakuwa nimechora tena kabla ya kukaza. Ilikuwa saa tano asubuhi, alikuwa anapanga mipira ya pampu kwa ukubwa. Alizisoma kwa mpangilio wa tarehe, hakuruka, hata wateja wawili waliingia wakatoka. Alipomaliza akaendelea kupanga mipira.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Na yeye?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi," akasema. Akapanga mipira mingine. Kisha akasema bila kuniangalia, "Ile breki ya mkono nilivuta."

"Ulivuta, Mama."

"Sema tena."

Nilisema tena. Alinifanya niseme mara nne, na mara ya nne alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili na machozi yanamtoka hadi kwenye mipira. Kisha akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa kilio, kwa kimya cha mwaka mzima. Akasema, "Na wewe ulilala chini ya lile gari miezi yote hii unalitengeneza, na ulipojua hukuacha?"

"Sikuacha."

"Twende bandani. Na funga duka, nisije nikasikia fundi mwingine leo."

Propela ya nyuma nilikuwa nimeinunua mpya. Alikataa niifunge. Alilala juu ya kadibodi, Mjomba, na ile nyonga yake, akivuta pumzi kama anayeinua gunia, akaniomba spana ya kupima mkazo na kunikemea nilipomwangazia tochi machoni. Nati ya kwanza ikalia. Tak. Akanyoosha mkono. Nilikuwa nimenunua chupa mpya, damu ya mzee ile ile, muuzaji aliitafuta nyuma ya rafu. Akachora mwenyewe. Ya pili, ya tatu, ya nne, kisha nne za upande wa gia boksi. Kisha akatambaa akatoka, akaniambia, "Ingia ushike kila moja." Nikaingia nikashika kila moja.

Tulipanda Jumanne, kompresa nyuma. Bibi alikataa kubaki. Aliketi kiti cha nyuma amejifunga mkanda na anatoa maelekezo ya barabara ambayo hajawahi kuipita. Mama aliwasha, akasikiliza injini muda mrefu, kichwa kimeinama. Chini ya mpando alisimama. Akaweka mikono juu ya mapaja kwa muda. Bibi aliacha kuelekeza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha Mama akaingiza gia ya pili.

Gia ya pili, Mjomba. Zamani alipanda na ya kwanza na kusimama mara mbili kupoza rejeta. Kona ya kwanza sindano ya mizunguko ilikaa elfu moja na mia nane kama imegongewa msumari. Joto la moshi mia tano na tisini. Kwenye kona ya tatu, pale pale, kuna alama ya zamani kwenye ukingo wa mawe. Aliiangalia. Nilidhani atapunguza. Aliongeza mafuta, nikasikia tabo ikipiga mluzi na kiti kikanisukuma mgongoni, tani nne na Bibi juu yake, na tukapita.

Juu kabisa alizima, akavuta breki ya mkono. Ikashika. Aliachia, akavuta tena, akaachia, akavuta, kama mtoto na swichi ya taa. Nikamuuliza, "Umewasikia farasi?"

"Sikuwa na muda wao, nilikuwa naangalia barabara." Halafu akasema, "Kona ya tatu niliwasikia."

Mnunuzi wa vyuma alikuja leo na lori lake la kunyanyulia. Mama alikuwa ameegesha gari getini, akamwambia, "Pole, limepata kazi." Kuna shule kule juu inataka kisima, tunaanza Jumatatu.

Hajakusamehe. Ameniambia niandike hivyo, kwa maneno hayo hayo. Miaka kumi ya watu kutazama chini, anasema, haiondoki kwa barua. Lakini kuna jambo jingine aliloniambia niliandike.

Gari linapanda sasa kwa propela ya nyuma peke yake. Barabara ni kavu, linaweza. Mvua zikianza Novemba tutahitaji magurudumu yote manne, na propela ya mbele, nayo mpya, haijafungwa. Nilitaka kuifunga Jumapili. Mama amenikataza nisiiguse. Ameiweka juu ya meza yako, na nati zake nane ndani ya kopo, na spana ya kupima mkazo juu yake, na chupa pembeni, imefungwa kizibo.

Anasema hizo ni za kwako, na ukishakaza, uchore mwenyewe.

Kichupa